Vakansi kando ya ziwa: plaji ipimwe kwa kimo cha mtoto

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, familia nyingi za Goma na Bukavu hazina safari ya mbali ya kupanga. Vita imekata barabara nyingi, pesa ni ngumu kupatikana, ndege ni ya wachache. Ziwa linabaki. Siku ya Mungu, baada ya ibada, watu wanateremka na sufuria ya wali iliyofungwa kwa kitambaa, sambaza za kukaanga, ndizi, bidoni ya maji na vitenge vya kutandika. Na karibu katika kila kundi yuko mtoto wa mwaka mmoja na nusu ao miwili, ambaye hajawahi kuona maji mengi namna hii.

Wakubwa wanatazama milima ya Idjwi, mitumbwi ya wavuvi na mahali pazuri pa kupigia picha. Mtoto haoni hayo. Yeye anaona yaliyo chini ya magoti yao: povu, kifuniko cha chupa, jiwe linalong'aa, shimo dogo kati ya miamba. Dunia yake inaishia kwenye sentimita 80 hivi kutoka ardhini. Kando ya ziwa Kivu, tofauti hiyo ya kimo inaweza kuwa tofauti ya uzima na kifo, na si kwa sababu ya maji peke yake.

Wakaaji wa Goma, wa Sake na wa vijiji vya kando wanalijua neno mazuku, yaani upepo mbaya. Ni gazi ya kaboni, ile ambayo wanasayansi wanaandika CO2, inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za miamba katika eneo hili la volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Haina rangi wala moshi. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi juu. Inatiririka sawa maji na kujaa mahali pa chini: mashimo, mitaro, mabonde madogo, misingi ya nyumba ambazo hazijamalizika, na vishimo kati ya mawe ya kando ya ziwa.

Mtu mzima anaweza kusimama ndani ya shimo la namna hiyo na kichwa chake kikawa ndani ya hewa safi. Anaongea, anacheka, anaitika simu. Mtoto aliyeketi mbele ya miguu yake akichezea kokoto yuko ndani ya gazi, sawa mtu aliyezamishwa. Kiasi cha gazi hiyo kikipita asilimia 10 ya hewa, mtu anapoteza fahamu kwa muda mfupi sana. Mtoto halii wala hakohoi. Anaonekana amelala tu, na mama anaweza hata kumshukuru Mungu kwamba amepata usingizi.

Ndiyo maana mahali pa kutandika kitenge si jambo dogo. Watu wanapenda kujificha upepo, na mtoto anapewa kwanza kijishimo chenye kivuli, kilichozungukwa na mawe, kwa sababu kinaonekana sawa kitanda. Karibu na Goma, hicho ndicho kitanda cha kukimbia. Heri mahali palipoinuka, penye upepo unaosumbua kidogo, hata kama kitenge kitapeperuka na mchele utaingia vumbi. Mazuku ni mbaya zaidi usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia na baridi. Jua na upepo wa mchana vinaitawanya, lakini si katika kila shimo. Na tena ardhi yenyewe inaonyesha alama: majani yaliyokauka mahali pamoja huku ya kando ni mabichi, wadudu waliokufa, mjusi, ndege mdogo, pengine mbuzi. Wenyeji wa mtaa wanayajua mashimo yao moja kwa moja, na familia inayotoka upande mwingine wa mji haipotezi kitu ikiwauliza kabla ya kuweka sufuria chini.

Kuna wanaopima kwa kibiriti: moto ukiteremshwa shimoni na kuzimika, gazi ipo. Ni kweli, lakini moto unapozimika kiasi tayari kimefika pa kuua, na anayepima ameinama. Ajali nyingi za gazi hiyo zinachukua mtu wa pili: mtoto ameanguka, baba anaruka ndani, anainama kumwinua, anavuta pumzi moja ya nguvu kwa sababu ya woga, naye anaanguka. Anayeingia lazima avute pumzi akiwa nje, aizuie, amshike mtoto na kumpandisha mara moja. Akishindwa, atoke kwanza.

Wengi wanachanganya mazuku na gazi iliyo chini ya ziwa lenyewe. Ni kweli kwamba maji ya kina ya Kivu yamebeba gazi nyingi ya kaboni na ya metani; upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt kinavuta metani hiyo kutengeneza umeme tangu 2016. Watu wanakumbuka pia ziwa Nyos la Kamerun, ambalo tarehe 21 mwezi wa nane 1986 lilitoa gazi na kuua watu karibu 1.700 usiku mmoja. Lakini gazi ya Kivu imefungwa huko chini na uzito wa maji, na wataalamu wanaifuata. Kinachomngoja mtoto siku ya Mungu ni kile kishimo cha kando ya kitenge.

Kisha kuna maji. Mawe meusi ya kando ya ziwa, pale Goma, ni lava. Ile ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilipita katikati ya mji na kuingia ndani ya ziwa. Saa sita yanachoma nyayo, na ncha zake zinakata. Mahali pengi, upande wa Goma na upande wa Bukavu, ukingo hauteremki polepole sawa mchanga wa bahari ambao watu wanauona kwenye televisheni. Hatua mbili maji yako kwenye kifundo cha mguu, hatua ya tatu hakuna chini tena. Ziwa hili linafika karibu mita 480 katika kina chake kikubwa, na mwanzo wake mara nyingi uko karibu sana na nchi kavu.

Ila mtoto wa miaka miwili hahitaji kina hicho. Maji ya sentimita chache yanatosha kumfunika pua na mdomo akianguka kifudifudi, kwa kuwa kichwa chake ni kizito kuliko nguvu ya shingo na mikono yake. Na anazama kimya. Wazazi wengi wanangojea kelele, mikono inayopunga, maji yanayoruka. Hayo ni ya mtu mkubwa anayejua kwamba anakufa. Mtoto anaingia chini bila sauti, hata mita tatu kutoka kwa watu wanaokula.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu watu karibu 300.000 waliokufa kwa kuzama katika mwaka 2021 duniani kote. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Afrika ndiyo yenye kiwango cha juu kuliko sehemu nyingine. Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 25 mwezi wa saba kuwa siku ya kuzuia kuzama, tarehe ambayo kwetu inaanguka katikati kabisa ya vakansi.

Hapa inabidi kusema jambo ambalo halipendezi. Katika familia nyingi, anayemwangalia mtoto kando ya ziwa ni mtoto mwingine: dada wa miaka tisa ao kumi, ambaye naye amekuja kucheza. Akiambiwa “angalia mdogo wako”, anaangalia, kisha rafiki anamwita, kisha mpira unaingia majini. Likitokea la kutokea, yeye ndiye atakayebeba lawama hiyo miaka yote, na si yake. Hatari nyingine ni kinyume cha hiyo: wakubwa kumi na wawili wapo, mama wadogo, wajomba, majirani, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake anaangalia.

Kitenge kinaweza kusaidia hapo. Mkubwa mmoja anakivaa begani, na aliye na kitenge ndiye mwenye mtoto: hali, hachezi simu, hanywi pombe, anakaa mahali ambapo mkono wake unamfikia mtoto. Akichoka ao akitaka kwenda kuogelea, anakitoa na kukiweka begani mwa mwingine, akimwambia kwa jina kwamba sasa zamu ni yake. Baba naye anavaa. Hakuna aliyekufa kwa kuvaa kitenge cha mke wake nusu saa.

Mtoto akitolewa majini bila kupumua, desturi ya kumninginiza miguu juu ao kumbonyeza tumbo ili maji yatoke inapoteza dakika ambazo hana. Anachokosa ni hewa. Alazwe chali mahali pakavu, kichwa kirudishwe nyuma kidogo, apuliziwe pumzi ndogo mara 5, mdomo wa mkubwa ukifunika mdomo na pua yake. Akibaki bila dalili ya uzima, kifua kibonyezwe mara 30 kwa mkono mmoja, pumzi 2, na kuendelea hivyo huku pikipiki ya kwenda hospitali inatafutwa. Hata akizinduka apelekwe, kwani mapafu yanaweza kumsumbua baadaye.

Familia nyingine haziishii ufukoni. Vakansi ni wakati wa kwenda kusalimia bibi Idjwi, Minova ao Kalehe, na safari ni ya boti. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa huku bandari ikionekana. Tangu hapo abiria wengi wanauliza jile za kuelea kabla ya kulipa tiketi. Swali ambalo wachache wanauliza ni kama kuna jile ya mtoto. Ile ya mkubwa haimsaidii mtoto wa kilo 12: inabaki juu ya maji, yeye anachomoka kwa chini. Ya kwake inatakiwa kuwa ndogo, yenye kola nyuma ya kichwa na mkanda unaopita kati ya miguu. Na ndani ya boti mtoto asifungwe mgongoni. Jile inamlaza mama chali juu ya maji, na aliye mgongoni anabaki chini yake. Apakatwe mbele, bila kufungwa.

Upande wa Tanganyika, Uvira na Kalemie, mambo yanabadilika. Kuna mchanga wa kweli, ambao mtoto anaupenda kuliko chochote, na maji yana joto zaidi. Lakini kipwa ni wakati wa upepo wa kusini, na mawimbi yanayomwangusha mtoto yanaweza kuamka haraka kuliko wazazi wanavyokusanya vyombo. Kuna mamba na viboko, hasa karibu na mdomo wa Ruzizi na mahali penye matete. Kiboko anatoka majini jioni kula majani. Maji yaliyosimama kati ya nyasi, yenye konokono, yanaweza kuleta bilharzia. Anayetoka Bukavu, ambako kuna baridi, kwenda Uvira anateremka karibu mita 700, mahali penye mbu wengi zaidi, na mtoto aliyezoea hewa ya mlimani anahitaji chandarua chake ndani ya mfuko hata kama nguo moja itabaki nyumbani.

Maji ya kunywa ni yale yaliyochemshwa, yaliyotoka nyumbani, kwenye maziwa yote mawili. Kipindupindu kinarudi kila mara katika miji hii ya kando ya maji, na mtoto anayeoga anameza. Akianza kuharisha, kabla ya kufika kituo cha afya, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo, vinamshikilia.

Baridi pia haitajwi sana. Mtoto anapoteza joto haraka kuliko mkubwa, na upepo wa kipwa kwenye ngozi iliyolowa ni mkali. Midomo ikigeuka rangi na kidevu kikitetemeka, kuoga kumekwisha, hata akilia. Atalia. Anafutwa, anavikwa, anapewa ndizi, anafungwa mgongoni kwa kitenge kikavu.

Saa kumi na moja jua linashuka nyuma ya milima ya Masisi na upepo unapungua. Ndiyo saa nzuri kuliko zote kando ya ziwa Kivu: maji yanatulia, wavuvi wanaanza kutoka wakiimba, moto wa makala umebaki majivu, na mtu anatamani kukaa kidogo zaidi. Lakini hewa inapotulia, gazi inaanza tena kujaa mashimoni. Vyombo vinakusanywa, watoto wanahesabiwa, na kundi linapanda barabarani, aliyelala mgongoni akiwa na kokoto moja ndani ya mkono.