Nta Iliondoka, Kopo Likaja Kukaa

Paukwa! Mkishaitikia pakawa, kaeni vizuri niwasimulie safari mbili. Ya kwanza inatoka Itigi kwenda ng'ambo, nayo ni safari ya nta. Ya pili inatoka ng'ambo kuja Itigi, nayo ni safari ya kopo la plastiki. Nta ilipoondoka haikuacha uchafu. Kopo lilipofika halikuondoka tena.

Itigi, wajukuu zangu, ni mji wa Mkoa wa Singida, magharibi ya Manyoni, kando ya Reli ya Kati. Wajerumani waliijenga reli hiyo kutoka Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wataalamu wa mimea wa nchi za mbali wanalijua jina la Itigi kwa sababu ya vichaka vyake. Vimesongamana mpaka mtu hapenyi bila panga. Kiangazi hupukutisha majani, mvua zikianza hurudi kijani. Vichaka vya namna hiyo viko huku kwetu na katika eneo dogo la kaskazini mwa Zambia, basi. Sehemu kubwa imekwisha kufyekwa.

Vichaka vinapochanua, nyuki wana kazi. Asali yao mnaijua, lakini kuna kitu cha pili wanachotengeneza, nacho ni nta, ile wanayojengea masega. Mrina asali akishakamua asali yake, huyachemsha masega, huchuja, na nta hugandia juu ikawa donge la manjano lenye harufu nzuri. Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazouza nta nyingi nje. Huko ng'ambo hununuliwa na watengenezaji wa vipodozi na wa dawa. Nta huyashikamanisha mafuta na maji ndani ya losheni yasitengane. Huipa ugumu rangi ya mdomo isiyeyuke juani. Huifanya dawa ya kupaka ikae juu ya kidonda badala ya kutiririka. Nyuki wa porini kwetu, kwa hiyo, ana mkono katika urembo na uponyaji wa watu asiowajua.

Hiyo ndiyo safari ya nta. Sasa sikilizeni ya kopo.

Mwaka 1933, katika mji wa Northwich nchini Uingereza, wanakemia wawili wa kampuni ya ICI, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakiikandamiza gesi ya ethilini kwa nguvu kubwa na joto kali ndani ya chombo cha chuma. Walikuwa wakitafuta jambo jingine. Walipofungua chombo wakakuta masalia meupe, laini, yanayoteleza. Walipoyatazama waliona kitu kinachofanana na nta! Kitu hicho kikaitwa polithini. Si kigeni kwetu: mifuko ya rambo ilikuwa polithini, na chupa nyingi za losheni ni za ukoo huohuo.

Plastiki nyingi hutokana na mafuta ghafi na gesi zinazochimbwa ardhini. Na mafuta ya mgando mnayojipaka asubuhi kabla ya kwenda shule nayo hutoka kwenye mafuta ghafi. Mmarekani Robert Chesebrough aliyasajili mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, akayauza katika chupa za kioo. Siku hizi mafuta hayo na kopo lake vyote asili yake ni kisima kimoja. Mafuta yanaisha katika wiki chache. Kopo litabaki baada yako, baada ya watoto wako, na baada ya wajukuu wako.

Kwa nini nta ya nyuki inaisha na hii ya kiwandani, yaani plastiki, haiishi? Mfugaji nyuki yeyote atakujibu, kwa sababu anamjua adui wa mizinga yake: nondo wa nta. Nondo huyo hutaga ndani ya mzinga, viwavi wake wakatafuna masega mpaka yakawa vumbi. Nta ina wa kuila, ndiyo maana haijai duniani. Plastiki karibu haina wa kuila. Hata hivyo, kiwavi huyohuyo wa nondo alitushangaza mwaka 2017. Mtafiti Federica Bertocchini, ambaye pia alikuwa akifuga nyuki kwa kupenda tu, aliwatoa viwavi kwenye mizinga yake huko Hispania akawatia katika mfuko wa plastiki. Baada ya muda akakuta mfuko una matundu. Viwavi walikuwa wameutoboa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba hawakutafuna tu, bali waliibadilisha polithini yenyewe. Habari hiyo ilifurahisha dunia. Lakini msidanganyike, wanangu: kiwavi hatatuokoa. Plastiki ni nyingi mno. Wanasayansi waliopiga hesabu mwaka 2017 walikuta kwamba tangu miaka ya 1950 hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na kwamba katika plastiki yote iliyokwisha kuwa taka, ni asilimia 9 tu iliyotumiwa tena viwandani. Asilimia 12 ilichomwa. Iliyobaki ilizikwa au imezagaa.

Na ikizagaa hufanya nini? Kwanza huua mifugo. Ng'ombe na mbuzi humeza mfuko wenye masalia ya chakula, mfuko ukakaa tumboni, hautoki wala hausagiki, mnyama akakonda huku tumbo limejaa. Pili, jua huichakaza plastiki ikapasuka vipande, vipande vikawa chembe, chembe zikafuata upepo na maji. Hapa mkoani kwetu, maziwa ya Singidani na Kindai hayana mto wa kuyatoa maji yake kwenda baharini. Kinachoingia humo hakina njia ya kuondoka. Ziwa Victoria nako, watafiti walinunua sangara na sato sokoni Mwanza, wakawapasua. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2016 yalithibitisha chembe za plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano, kwa sangara na kwa sato vilevile.

Kuna chembe nyingine ambazo hazikungoja jua lizipasue. Viwanda vya vipodozi vilizitengeneza zikiwa ndogo tangu mwanzo, punje za plastiki ndani ya sabuni za kusugulia uso na dawa za meno, ili ngozi isuguike na meno yang'ae. Ukishanawa zinaondoka na maji. Marekani ilipitisha sheria ya kuzikataza mwaka 2015, Uingereza ikazikataza mwaka 2018, na Umoja wa Ulaya ukaweka katazo pana zaidi mwaka 2023. Mchanga laini, chumvi na maganda ya karanga yaliyosagwa vinaweza kusugua vilevile. Plastiki ile haikuhitajika hata siku moja.

Lakini mimi sitawafundisha kuichukia plastiki yote, maana nitakuwa nimewadanganya. Itigi kuna Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, na wagonjwa hutoka mbali kuja kutibiwa pale. Muulizeni muuguzi yeyote awaeleze zamani sindano zilivyokuwa. Bomba lilikuwa la kioo, likichemshwa na kutumiwa kwa mgonjwa mwingine, na lisipochemshwa sawasawa lilibeba ugonjwa kutoka damu hii kwenda damu ile. Mwaka 1956 Colin Murdoch wa New Zealand alisajili hati ya ubunifu wa bomba la plastiki la kutumia mara moja. Mabomba ya namna hiyo, yakitumiwa mara moja na kutupwa ipasavyo, yamewaepusha watu wengi na homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Dripu na mpira wa kupumulia hewa ya oksijeni ni plastiki inayookoa uhai. Hata ile karatasi ya vidonge, yenye plastiki upande mmoja na alumini nyembamba upande wa pili, ina sababu: unyevu na hewa huharibu dawa, na dawa iliyoharibika haiponyi.

Shida ya karatasi hiyo ni kwamba plastiki na alumini vimegandishwa pamoja, kuvitenganisha ni kazi ngumu, na mara nyingi plastiki hiyo ni PVC. Ukiichoma PVC kwa moto wa shimo la nyuma ya nyumba, hutoa dayoksini, sumu inayokaa muda mrefu mwilini na inayoweza kuleta saratani. Ndiyo maana taka hatari za hospitali huhitaji tanuri la moto mkali sana. Shirika la Afya Duniani linasema katika taka zote za huduma za afya, kama asilimia 85 ni taka za kawaida: maboksi, karatasi, chupa. Asilimia 15 tu ndizo za hatari. Zikichanganywa, zote huwa za hatari. Zikitenganishwa tangu chumbani kwa mgonjwa, kilichobaki cha kuchoma ni kidogo.

Serikali yetu ilichukua hatua kubwa tarehe 1 Juni 2019, ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Watu walidhani hatutaweza, tukaweza. Lakini kanuni za katazo hilo la 2019 ziliviacha vifungashio vya huduma za afya na vya bidhaa za viwandani. Kwa dawa, ninakubali. Kwa kopo la losheni, chupa ya shampuu na kipakiti kinachotumika mara moja, ninasema kazi haijaisha.

Ifanyike nini? Jibu mnalo dukani kwenu. Ukinunua soda ya chupa ya kioo, muuzaji hukudai chupa tupu au uache pesa ya chupa. Ukirudisha unapewa chako. Kreti hurudi kiwandani, chupa zikaoshwa, zikajazwa tena. Hujawahi kuona milima ya chupa hizo mitaroni, kwa sababu kila moja ina mwenyewe na ina thamani. Kopo la losheni halina mwenyewe. Anayelitengeneza anahesabu faida yake, nalo likishatoka mikononi mwake linakuwa shida ya Itigi. Hilo si haki. Kenya, kwa sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, imeweka wajibu wa mzalishaji kushughulikia taka za bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Mataifa yalikubaliana Nairobi mwezi Machi 2022 kuandaa mkataba wa dunia nzima juu ya plastiki, na hadi kikao cha Geneva cha Agosti 2025 yalikuwa hayajaafikiana. Wakubwa wanabishana. Ninyi msingoje.

Leo hii geuzeni kopo lolote mlilonalo nyumbani mtazame chini yake. Mara nyingi mtaona pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji, na wanunuzi wa plastiki huzipenda. Namba 2 ni chupa nyingi za losheni na shampuu. Namba 5 ni vifuniko na makopo mengi. Namba 3 ni PVC, hiyo usiichome kamwe. Osha kopo la mafuta likiisha, lipe kazi nyingine: mbegu, misumari, vifungo. Lakini kopo la dawa usilitilie chakula. Ukiona bomba la sindano au mpira wa dripu chini, usiuokote kuchezea; mwite mtu mzima. Dawa zilizopita muda wake usizimwage chooni. Mwambie mzazi aulize kituo cha afya zirudishwe wapi. Kati ya kopo kubwa moja na vipakiti ishirini, mwombe mama anunue kopo kubwa. Na panapopatikana sabuni ya kipande iliyofungwa kwa karatasi, hiyo ndiyo bora kuliko zote.

Mkikua, baadhi yenu mtakuwa wafamasia, wengine wenye viwanda, wengine wabunge. Wekeni sheria hii moja: anayeleta kopo Itigi, alirudishe lilikotoka.