Tableti Imefungwa, Neno la Siri Limesahauliwa



Vita ilipofika Bukavu Februari 2025, watu walitawanyika. Kutoka Nguba hadi mpaka wa Ruzizi ni mwendo mfupi, na mwenye kujua neno la siri la tableti ya familia au ya kamati huenda alivuka. Humo mna picha za kadi za uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za kiwanja.

Msibahatishe ovyo. Tableti ya Android ikikosewa mara nyingi huongeza muda wa kungoja. Mafundi wengine hukimbilia kufuta yote kwa kubonyeza vitufe vya kuwasha na vya sauti pamoja. Kufuli la kioo linaondoka, lakini picha zilizomo zinapotea pia, na tangu 2015 tableti nyingi zikifutwa hivyo hudai akaunti ya Google iliyokuwa ikitumika.

Tunashauri mtangulie kutoa kadi ya kumbukumbu, kama ipo, muijaribu kwenye kifaa kingine. Kisha tafuteni akaunti. Google inaweza kutuma namba kwa simu iliyoandikishwa. Kama kadi ya simu ilipotea njiani, mwenyewe aombe nyingine kwa kampuni yake. Ombi hufaulu zaidi kwenye kifaa na mahali alipozoea, jambo gumu kwa aliyehama. Mkibadilisha neno la siri la akaunti, ngojeni saa 24 kabla ya kufuta tableti.

Viongozi, kufuli lenyewe msiliondoe: orodha ya waliohama si ya kila jicho. Ila neno la siri lijulikane na watu 2, wasiolala nyumba moja.