Saa yenye kuhesabu na saa yenye kuuliza



Wengi wanauliza ginsi gani mishale ya saa inazunguka ku ekrani ya ordinateri, na hakuna gurudumu hata moja linaloisukuma. Si uchawi. Ni hesabu ya kuzidisha, pamoja na mistari michache ya JavaScript, luga ya programu yenye Brendan Eich alitunga katika mwaka 1995.

Mviringo mzima una digrii 360. Mshale wa sekonde unaumaliza kwa sekonde 60, basi kila sekonde unasogea digrii 6. Mshale wa dakika vilevile: digrii 6 kwa kila dakika. Mshale mfupi wa saa unazunguka kwa saa 12, ni kusema digrii 30 kwa saa moja. Lakini angalisho! Mshale huo haungoji saa iishe ndipo uruke. Unatembea polepole, nusu digrii kwa kila dakika.

Tupime na 10:50. Mshale wa dakika: 50 × 6 = 300. Mshale wa saa: 10 × 30 = 300, tuongeze 50 × 0,5 = 25, jumla 325. Ukisahau zile 25, mshale mfupi utasimama sawasawa ku 10, na mutu atasoma vibaya. Tena usiogope saa 14: 14 × 30 = 420, njo mzunguko mmoja mzima na digrii 60, pale pale penye namba 2.

Kisha chora mshale ukiwa wima, ncha yake ku 12. Hapo ni sifuri. Amri ya rotate inaugeuza kuelekea kuume. Onyesha pia kwamba unazungukia mwisho wake wa chini. Kama sivyo, utazungukia katikati yake sawa panga ya helikopta.

Sasa niwaambie kosa langu. Kuna amri hii:

setInterval(chora, 1000);

Maana yake: kila milisekonde 1000, yaani sekonde moja, fanya kazi yenye jina «chora». Nikafikiri: kila pigo niongeze digrii 6, basi imekwisha. Saa ilitembea vizuri, nikajisifu. Siku ya interogasio tuliiweka mbele ya kalasi. Mwalimu alifunga kifuniko cha ordinateri wakati alipoandika maswali ubaoni, kisha akakifungua. Yeye alifuata saa yake ya mkono. Alipokusanya karatasi, saa yangu ilionyesha kwamba dakika saba zingali zimebaki. Wenzangu wawili wenye waliitumainia hawakumaliza swali la mwisho. Nilisikia haya sana.

Sababu ni gani? Ordinateri ikilala, mapigo yanasimama. Ikiwa na kazi mingi, ao ukurasa ukifichwa nyuma ya mwingine, mapigo yanaweza kuchelewa. Lakini ndani yake muko saa nyingine, yenye betri yake ndogo, inayoendelea hata mashine ikizimwa. Basi mshale usihesabu mapigo. Kila pigo uulize upya:

let sasa = new Date();
let saa = sasa.getHours();
let dakika = sasa.getMinutes();
let pembe = saa * 30 + dakika * 0.5;

(Katika programu tunaandika nukta, si mkato: 0.5.)

Hivi pigo likipotea, lile lenye kufuata linasahihisha yote. Hata hivyo, saa ya ndani ikiwa mbaya, mishale nayo itadanganya. Iangalieni kwanza.

Nilibadilisha mistari ile tu, na tangu siku hiyo kifuniko kinafungwa na kufunguliwa bila hasara.

Zoezi: ikiwa saa 8:20, kila mshale uko ku digrii ngapi? Fanyeni bila ordinateri.

Mwanafunzi wa kalasi ya tano