Mzee wa Kanisa ni Nani?



Ndugu wapendwa, kila baada ya miaka michache huja majira ambapo jumuiya, vigango na parokia zetu huchagua viongozi. Matangazo husomwa baada ya Komunyo, majina huandikwa, na kwa majuma kadhaa mazungumzo ya watu watokapo kanisani huwa ni nani awe mwenyekiti na nani ashike fedha. Hatuwalaumu waumini kwa hilo. Anayebishana juu ya uongozi wa kanisa lake angalau analijali. Lakini tukizisikiliza sababu zinazotolewa, mara nyingi twasikitika. Fulani ana gari. Fulani anafahamiana na wakubwa wa wilaya. Fulani amestaafu, ana nafasi. Fulani ni wa ukoo mkubwa, tukimwacha watasusa. Sababu hizo zote zaweza kuwa za kweli, wala hakuna hata moja ambayo Mitume waliitumia.

Tunasema hivyo tukijua kwamba na sisi tumelitenda kosa hilo. Katika kigango kimoja tulichokihudumia zamani, kanisa lilikuwa la udongo, nasi tulitamani sana kujenga la mawe. Alikuwapo muumini mmoja mwenye lori. Tulimpendekeza awe mwenyekiti, watu wakakubali kwa makofi, na kwa kweli mawe yalifika, mchanga ukafika, mabati yakapanda. Mtu yule hakuiba hata msumari mmoja. Lakini katika mwaka wa pili wa uongozi wake, mama mmoja mjane aliugua, akalala ndani kwa wiki 11, nyumba yake ikiwa hatua zipatazo 200 kutoka kwa mwenyekiti. Misioni ilikuwa mbali, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na sisi tulipata habari siku tuliyoitwa kuzika. Alikufa bila Mpako wa Wagonjwa na bila Komunyo, baada ya kusali katika kigango kile kwa zaidi ya miaka 30.

Tulipomwuliza mwenyekiti, alijibu kwa unyofu kwamba hakuijua hata nyumba ya marehemu. Aliyekuwa akimwogesha mgonjwa na kumpikia uji ni bibi mmoja muuza nyanya. Bibi huyo alimtuma mjukuu wake mara mbili kwa mwenyekiti, kuomba padre aitwe. Mara zote mbili mwenyekiti alikuwa safarini na lori, na ujumbe ukaishia kwa wafanyakazi wake. Nalo jina la bibi yule lilikuwa limetajwa siku ya uchaguzi. Sisi ndio tuliosema liachwe, kwa kuwa hakujua kuandika kumbukumbu za kikao.

Basi tuliulize upya swali letu: mzee wa kanisa ni nani?

Desturi ya kuwa na wazee ni ya kale kuliko Kanisa lenyewe. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa aliketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu, mpaka mkwewe Yethro alipomwonya kwamba atajichosha bure, yeye na watu wake. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Tuangalie sifa alizozitaja Yethro: wawe watu hodari, wenye kumcha Mungu, wasema kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Inafaa tukumbuke pia kwamba mshauri huyo alikuwa kuhani wa Midiani, mgeni kwa Waisraeli, na Musa hakuona haya kumsikiliza.

Kanisa lilipozaliwa, lilirithi desturi hiyo. Mahali pa kwanza ambapo Matendo ya Mitume hutaja wazee wa Kanisa ni mwisho wa sura ya 11, na jambo lenyewe ni njaa. Wakristo wa Antiokia walichanga msaada kwa ajili ya ndugu wa Uyahudi, wakaupeleka kwa wazee kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Kwa hiyo tunakutana na wazee kwa mara ya kwanza wakikabidhiwa fedha ya watu wenye njaa. Ni vema washika fedha wetu wakaisoma sura hiyo kabla ya kufungua daftari.

Kisha, katika sura ya 14, Paulo na Barnaba wanaweka wazee katika makanisa ya Listra, Ikonio na Antiokia ya Pisidia. Huko Listra Paulo alikuwa amepigwa mawe na kuburutwa nje ya mji kama maiti. Naye akarudi kuko huko, kwa sababu waongofu wapya hawakupaswa kuachwa bila waangalizi. Na wazee hao waliwekwa kwa sala na kufunga. Sisi siku hizi hufunga katika Kwaresima. Je, ni kigango gani kilichowahi kufunga hata siku moja kabla ya uchaguzi?

Neno la Kigiriki linalotumika hapo ni presbyteros, maana yake mzee. Kutokana na neno hilo lugha nyingi za Ulaya zimepata jina la padre, na ndugu zetu Wapresbiteri wamepata jina la kanisa lao. Lugha yetu nayo imeficha hazina. Neno kasisi limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kwa Wakristo wa Siria, ambao kwao lilimaanisha mzee. Padre ni baba, kama Wareno walivyosema. Mwenye kumwita kiongozi wake kasisi anamwita mzee, na mwenye kumwita padre anamwita baba. Majina yote mawili ni ya nyumbani, wala hayakutoka ofisini.

Hapa yatupasa kuweka mambo wazi, maana makatekista wengi huulizwa. Mtume Yakobo anaagiza kwamba mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Je, mzee wa jumuiya aweza kupaka mafuta hayo? Sisi Wakatoliki twajibu hapana. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulieleza kwamba wazee anaowataja Yakobo ni maaskofu na mapadre waliowekewa mikono, si watu wenye umri mkubwa tu. Katika makanisa mengine, kama ya Walutheri na Wapresbiteri, wako wazee wa kanisa wanaochaguliwa na usharika na kupewa madaraka yao kwa taratibu za makanisa hayo. Kwetu, viongozi walei wa jumuiya na vigango hushiriki kazi ya uangalizi bila kuwa mapadre. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 536, inasema halmashauri ya kichungaji ya parokia hutoa ushauri chini ya uenyekiti wa paroko. Na kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Lakini mtu asidhani kwamba kazi ya mlei katika agizo la Yakobo ni ndogo. Mgonjwa hawezi kwenda kumwita padre mwenyewe. Lazima awepo mtu anayejua kwamba mlango fulani haujafunguliwa tangu juzi.

Tuje sasa kwenye sifa. Mtume Paulo amezitaja katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, na katika barua kwa Tito, aliyeachwa katika kisiwa cha Krete ili aweke wazee mji kwa mji. Alikuwa akisema juu ya waangalizi wa Kanisa la wakati ule, lakini twaweza kumpimia kila kiongozi kwa kipimo hicho. Anataka mtu asiye na lawama, mwaminifu katika ndoa, mwenye kiasi, mpole, anayepokea wageni, asiyeipenda pombe wala fedha wala ugomvi, mwenye kuitunza vizuri nyumba yake, asiyekuwa mwongofu wa jana, na mwenye sifa njema hata kwa wasio Wakristo. Karibu zote ni tabia. Kazi inayohitaji ujuzi ni moja tu, nayo ni kufundisha. Elimu ya shule haikutajwa, mali haikutajwa, wala ukoo.

Hata umri haukutajwa, jambo linaloshangaza kwa cheo kinachoitwa uzee. Timotheo mwenyewe alikuwa kijana, na Paulo alimwambia asikubali kudharauliwa kwa ujana wake. Kinyume chake twawaona wale wazee wawili katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Walikuwa na mvi, walikuwa waamuzi wa watu, nao walimsingizia Susana uzinzi kwa sababu alikataa tamaa yao. Mkutano ukawaamini, kwa kuwa walikuwa wazee. Aliyemwokoa ni kijana Danieli, aliyewatenganisha na kuwauliza kila mmoja peke yake tendo lile lilifanyika chini ya mti gani. Mmoja alitaja mti huu, wa pili mti mwingine. Tusisahau pia kwamba katika baraza lililomhukumu Bwana wetu, wazee wa watu walikuwamo.

Ndiyo maana Paulo hakuishia kwenye sifa. Katika sura ya 5 ya barua hiyohiyo anaeleza la kufanya mzee anaposhtakiwa, na sisi huliruka jambo hili kwa sababu linachoma. Mashtaka dhidi ya mzee yasipokelewe bila mashahidi wawili au watatu. Hii ni kinga dhidi ya fitina, maana kiongozi anayeonya watu hukosa marafiki. Lakini ikithibitika kwamba ametenda dhambi, aonywe mbele ya wote. Katika parokia zetu mara nyingi hufanyika kinyume chake: kiongozi asiye na kosa husengenywa bila shahidi hata mmoja, na aliyekula mchango wa kanisa huondolewa kimyakimya kwa barua ya shukrani. Paulo anaongeza kwamba Timotheo asiwe na haraka ya kumwekea mtu mikono, asije akashiriki dhambi za mwingine. Sisi tuliopiga makofi kwa sababu ya lori twalielewa onyo hilo.

Twaweza kuuliza kama wapo waliowahi kuwa wazee wa namna anayoitaka Mtume katika nchi zetu. Wapo, wala hawako mbali. Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882 walilazimika kuondoka, wakaja kusini mwa Ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza, wasirudi mpaka Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu Wakristo wale wachanga, wengi wao bado wakatekumeni, hawakuwa na padre wala Misa. Walioliangalia kundi ni walei. Ikulu alikuwako Yosefu Mukasa Balikuddembe. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, aliwakusanya watu na kuwafundisha. Na huko Mityana, kilomita zipatazo 70 magharibi ya mji mkuu, walikuwako Mathias Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu. Mapadre waliporudi hawakukuta magofu. Walikuta wakatekumeni wameongezeka.

Tumtazame Mathias kidogo. Alizaliwa Busoga, akatekwa utotoni, akakulia katika nyumba ya wakubwa hata akawa msaidizi wa chifu wa Ssingo. Alipotaka ubatizo aliwaacha wake wengine akabaki na mmoja. Na yeye aliyekuwa na watu wa kumtumikia akaanza kufanya kazi kwa mikono yake na kubeba mzigo wake mwenyewe njiani, wenzake wakamshangaa. Wote wanne waliuawa kati ya Novemba 1885 na Juni 1886, na Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Kabla ya kuwa wafiadini, walikuwa watu waliojua nani hakuja kusali na kwa nini.

Limebaki swali moja ambalo akina mama wametuuliza mara nyingi: je, mwanamke aweza kuwa kiongozi katika jumuiya na halmashauri zetu? Aweza. Sheria ya Kanisa haimzuii mwanamke kuingia katika halmashauri hizo wala kuwa katekista. Priska, pamoja na mumewe Akila, alimfafanulia njia ya Mungu Apolo, mtu aliyekuwa msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko, wala Apolo hakukataa kufundishwa. Anayesema kwamba wanawake wana kazi nyingi nyumbani huenda anasema kweli. Lakini atusaidie kuhesabu ni nani wanaojaza viti katika sala za jumuiya siku za kazi.

Katika kigango kile cha mawe, uchaguzi uliofuata ulifanyika baada ya siku moja ya kufunga. Yule mwenye lori alisimama mwenyewe, akaomba jina lake lisiandikwe, akalitaja la bibi muuza nyanya. Bibi alikubali kwa sharti moja, kwamba kijana aliyemaliza darasa la saba aketi karibu naye na kuandika kumbukumbu. Kikao chake cha kwanza kilichukua muda mrefu, kwa sababu alianza kwa kuwataja wagonjwa wote nyumba kwa nyumba, na kwa kila mmoja akauliza nani atakwenda.