Hata chuma huchoka: Wahandisi hukadiriaje umri wa ndege?

MTU akikunja kipande cha waya mara moja, hakikatiki. Akikikunja na kukikunjua tena na tena mahali pamoja, hatimaye hukatika, ijapokuwa nguvu anayotumia haijaongezeka hata kidogo.

Hali hiyo huitwa uchovu wa metali, nayo huwasumbua waundaji wa madaraja, magari na ndege. Ili kujua chombo kitadumu kwa muda gani, sharti wakadirie kitastahimili mikunjo mingapi.

Msingi wa hesabu hizo uliwekwa katika karne ya 19 na August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani. Aliona ekseli za magarimoshi zikikatika zikibeba mizigo ya kawaida. Majaribio yake yalionyesha kuwa kadiri mkazo unavyopungua, ndivyo chuma kinavyostahimili mizunguko mingi zaidi kabla ya kukatika.

Kwa ndege, safari moja ni mzunguko mmoja. Ikipaa juu, hewa hushindiliwa ndani ili abiria waweze kupumua, na mwili wake hutanuka kidogo. Ikishuka, mwili hunywea. Baada ya safari nyingi, nyufa ndogo huanza kwenye matundu ya ribiti na pembe za madirisha.

Somo hilo liligharimu maisha. Mei 2, 1952, Comet, ndege iliyoundwa na kampuni ya Uingereza ya de Havilland, ilianza kusafirisha abiria kutoka London hadi Johannesburg kupitia Entebbe. Hiyo ndiyo iliyokuwa huduma ya kwanza duniani ya ndege ya jeti ya abiria.

Januari 10, 1954, Comet moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu 35 wakafa. Aprili 8 mwaka huo, nyingine iliangamia karibu na Naples ikiwa na watu 21. Ya kwanza ilikuwa imefanya safari 1,290, na ya pili 900 pekee.

Ilhali katika majaribio ya kiwandani, sehemu ya mwili wa ndege hiyo ilikuwa imestahimili zaidi ya mizunguko 15,000. Kosa lilikuwa wapi?

Wachunguzi huko Farnborough waliutia mwili wa Comet nzima katika tangi la maji, wakawa wanaongeza na kupunguza shinikizo ndani yake. Ulipasuka baada ya mizunguko 3,057, ukijumlisha safari ilizokuwa imefanya awali.

Ilibainika kwamba sehemu iliyojaribiwa kiwandani ilikuwa imepewa kwanza shinikizo kubwa kupita kiasi ili kupima nguvu zake. Shinikizo hilo liliikaza metali iliyozunguka pembe, ikawa ngumu kuchoka kuliko ile ya ndege walizopanda abiria.

Hata kipimo kilicho sahihi hakitoshi mazingira yakisahauliwa. Aprili 28, 1988, sehemu ya paa la ndege ya Aloha Airlines aina ya Boeing 737 iling'oka angani huko Hawaii na kumuua mhudumu mmoja. Ndege hiyo ilikuwa imefanya safari zaidi ya 89,000 katika hewa ya chumvi ya baharini, na kutu ilikuwa imeshirikiana na uchovu.

Kwa sababu hiyo, wahandisi hupunguza sana idadi ya safari inayotokana na majaribio kabla ya kuiidhinisha, na mafundi huagizwa kuzisaka nyufa mapema, zingali ndogo.