Kujifunza Ualimu wa Yoga: Kuna Faida Gani kwa Asiyetaka Kufundisha?

"Mwanangu, cheti cha ualimu unacho tangu zamani, na kazi ya kufundisha uliiacha ukaingia ofisini. Hiki cheti kingine ni cha nini?"

Maneno hayo aliniambia mzee wangu, sajini mstaafu wa polisi, siku nilipomweleza kwamba nimelipa karo ya mafunzo ya ualimu wa yoga. Swali lake lilikuwa la haki. Fedha nilizolipa zilikuwa akiba ya mabati ya jikoni kwetu, na mimi sikuwa na nia yoyote ya kufungua darasa wala kutafuta wanafunzi. Nimeona vema nilijibu swali hilo mbele ya wasomaji, kwa kuwa wengi wanaosoma ukurasa huu ni askari na jamaa zao, watu ambao miili yao hufanya kazi ngumu na nyoyo zao hubeba mengi wasiyoyasema.

SABABU YA KUANZA

Mimi nilizaliwa na kukulia katika laini za polisi. Nilipoacha chaki na kuingia ofisini, nilianza kukaa kitini mchana kutwa, na baada ya miaka michache mgongo ulianza kunisumbua. Lakini maumivu ya mgongo siyo yaliyonishtua. Jioni moja nilipokuwa nikivua viatu mlangoni, nilimsikia binti yangu wa miaka 6 akimnong'oneza mama yake: "Mama, leo baba amekuja na sauti gani?"

Usiku ule sikupata usingizi. Mwenzangu wa ofisini alinipeleka katika darasa la yoga, nami nikahudhuria mwaka mzima. Mgongo ulipata nafuu. Hata hivyo, nilitambua kwamba nilikuwa nikiinua mkono kwa sababu tu aliye mbele yangu kauinua. Nikiwa peke yangu nyumbani sikujua nianze wapi wala niishie wapi. Hapo ndipo nilipoamua kujiandikisha katika mafunzo ya ualimu: saa 200, zilizogawanywa katika Jumamosi na Jumapili kwa muda wa miezi sita.

YOGA NI KITU GANI?

Wengi hudhani kwamba yoga ni kujipinda tu. La hasha. Yoga ni elimu ya kale ya Bara Hindi, na jina lake la Kisanskriti lina maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wafungwavyo nira. Katika kitabu cha Patanjali, ambacho hutegemewa sana katika mafunzo, elimu hiyo imegawanywa katika sehemu nane. Mikao ya mwili ni sehemu ya tatu tu. Sehemu ya kwanza ni mwenendo: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia matamanio na kutokuwa na uchu wa mali. Pumzi huja baada ya mikao, na kutafakari huja baadaye zaidi.

Yoga tunayoiona leo ilitengenezwa kwa sehemu kubwa katika karne ya 20. Mwaka 1918 palifunguliwa chuo cha yoga katika mji wa Bombay, ambao sasa huitwa Mumbai, na mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha kituo cha kuichunguza yoga kisayansi huko Lonavla. Katika miaka ya 1930 Krishnamacharya alifundisha katika jumba la mfalme wa Mysore. Wanafunzi wake, miongoni mwao Iyengar, Pattabhi Jois na Bi Indra Devi, ndio walioieneza duniani.

MWANAJESHI ALIYEANZISHA MAFUNZO

Habari moja itawavutia wasomaji walio jeshini. Swami Vishnudevananda, mzaliwa wa Kerala wa mwaka 1927, alipata kuwa mwalimu wa shule, na pia alitumikia jeshi katika kikosi cha wahandisi. Husimuliwa kwamba siku moja alikuwa akitafuta karatasi iliyopotea katika kapu la taka, akaokota kijitabu cha Swami Sivananda wa Rishikesh, aliyekuwa daktari huko Malaya kabla ya kushika njia ya utawa. Kijitabu kile kilisisitiza vitendo kuliko maneno. Kijana akaomba likizo akaenda kumwona mwandishi wake, na mwaka 1947 akajiunga naye.

Mwaka 1957 alisafiri kwenda nchi za Magharibi, na mwaka 1969 akaanzisha mafunzo ya ualimu ya majuma manne. Shabaha yake haikuwa kutoa walimu peke yao, bali watu wenye nidhamu ya nafsi ambao wangeeneza amani popote waendapo. Hadi leo wengi hujiunga bila nia ya kufundisha.

Ratiba yake haimshangazi mtu aliyepitia ukuruti. Wanafunzi huamka kabla ya mapambazuko na kukusanyika saa kumi na mbili asubuhi kwa kutafakari. Saa mbili hufanya mikao, na saa nne hula chakula cha kwanza, kisicho na nyama. Kisha kila mmoja hufanya kazi ya kujitolea: kufagia, kuosha vyombo au kusafisha vyoo. Mchana ni masomo, alasiri mikao tena, saa kumi na mbili jioni chakula cha pili na cha mwisho, na usiku kutafakari. Siku ya mapumziko ni moja kwa juma.

Mafunzo mengine hufuata kipimo cha saa 200 cha shirika la Yoga Alliance la Marekani, lililoundwa mwaka 1999. Hapa Afrika Mashariki, shirika la Africa Yoga Project la Nairobi, lililoanza mwaka 2007, limewafundisha ualimu vijana wengi wa mitaa ya watu wenye kipato kidogo.

NILIPOFUNDISHA KAMA SAJINI

Sasa nirudi kwenye swali la mzee. Katika mwezi wa tatu kila mwanafunzi alitakiwa awafundishe wenzake kwa dakika 20. Mimi sikuwa na hofu, kwani nilikwisha kusimama mbele ya watoto 80 katika darasa moja. Nikaanza: "Inua mikono! Nyoosha magoti! Usitikisike!" Nilipomaliza nilingoja sifa.

Mkufunzi, mama mmoja mpole, aliwauliza wenzangu walijisikiaje. Mmoja akasema, "Nilikuwa nimebana pumzi tangu mwanzo hadi mwisho." Wengine wakakubali. Yule mama akanigeukia: "Ndugu, ulitazama mikono yao. Je, uliitazama hata pumzi ya mtu mmoja?"

Nilinyamaza. Ile ndiyo sauti aliyokuwa akiiogopa binti yangu. Naliirithi katika uwanja wa gwaride, ambako ina mahali pake na heshima yake, nikaipeleka darasani na sebuleni ambako haina kazi. Mwaka mzima wa kufuata mazoezi haukunionyesha jambo hilo. Dakika 20 za kufundisha zilinionyesha. Mwanafunzi hujitazama mwenyewe, lakini mwalimu hulazimika kumtazama mwingine, na katika macho ya huyo mwingine huiona sura yake mwenyewe.

Faida nyingine ni za kawaida, lakini si ndogo. Nilijifunza jinsi uti wa mgongo ulivyopangwa na kwa nini goti huumia likipindwa ovyo. Mkao ambao zamani niliulazimisha kwa nguvu, sasa naufikia kwa kujua ni msuli upi ulegee. Kuhusu mgongo, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga mwaka 2017 miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno yaliyodumu muda mrefu. Na idara ya serikali ya nchi hiyo inayowahudumia askari wa zamani huitoa yoga katika huduma zake za afya.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Hapana budi niseme pia yasiyopendeza. Mkufunzi mwingine katika mafunzo yale alinisukuma bega nikiwa nimeinama, na kwa majuma matano sikuweza kubeba ndoo ya maji. Kosa langu mimi ni kwamba nilinyamaza nilipohisi maumivu, kwa kuwa nilimwona ni mkubwa. Mwili ukikataa, sema.

Tena, heshima kwa mwalimu isigeuke kuwa utumwa. Vyuo kadhaa mashuhuri vya yoga vimekumbwa na malalamiko ya unyanyasaji. Hata Vishnudevananda, aliyefariki mwaka 1993, alishutumiwa hadharani mwaka 2019 na mwanamke aliyekuwa msaidizi wake kwamba alimdhulumu kijinsia, na wanawake wengine wakafuata kutoa madai yao. Ratiba nzuri haimfanyi aliyeitunga kuwa mtakatifu. Kabla ya kulipa, waulize waliotangulia kusoma hapo, na mama au binti anayekwenda asione haya kuuliza.

Jambo la dini nalo lina uzito. Baadhi ya vyuo huimba nyimbo za Kihindu asubuhi na jioni. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye mambo hayo, na Wakristo wengi pia wana shaka. Vyuo vingine hufundisha mwili na pumzi tu. Uliza mapema, ushauriane na viongozi wako wa dini, uchague kwa dhamiri safi.

Mwisho, cheti cha saa 200 si udaktari. Mwenye shinikizo la damu, presha ya macho, maumivu ya shingo au mimba asijaribu kusimama kwa kichwa. Askari anayesumbuliwa na ndoto za vita amwone daktari wa kikosi kwanza. Yoga iwe msaidizi wa tiba, isichukue nafasi yake.

ZOEZI LA NYUMBANI

Kwa asiye na nafasi wala fedha, naacha zoezi moja. Tandika mkeka. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae sakafuni. Weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, bila kuibana. Endelea kwa dakika 10. Lifanye urudipo kutoka lindoni au ofisini, kabla ya kuzungumza na watu wa nyumbani.

Jikoni kwetu bado panavuja, na mabati tutanunua mwakani. Mama watoto amekubali kungoja. Mwezi uliopita mzee alipotutembelea, alinikuta nimelala mkekani, na binti yangu kalala kando yangu akihesabu kwa sauti. Mzee alisimama akitutazama, kisha akaiegemeza fimbo yake ukutani.

"Nionyesheni na mimi," akasema, "lakini msiniamrishe."

Binti yangu ndiye aliyemfundisha.