Alichora shimo jeusi kwa wino

Wewe barobaro wa Likoni au Kisauni unayejifunza grafiki bila mwalimu, na laptopu yenyewe ni ya kuazima, hebu msikie Jean-Pierre Luminet, mwanafalaki Mfaransa ambaye pia ni mchoraji.

Mwaka wa 1979 alitaka kuona shimo jeusi lingekuwa na sura gani. Tarakilishi yake, IBM 7040, ilikula kadi zenye matundu na kutema namba tu. Picha, hakuna! Basi akashika kalamu na wino, akapiga nukta moja moja, maelfu. Penye mwanga mwingi akazisonga. Kisha akaigeuza picha kama negativu, weusi ukawa weupe. Upande mmoja uling'aa zaidi, maana gesi inayotujia mbio huzidisha mwanga.

Picha halisi ya kwanza ilitoka Aprili 10, 2019. Upande mmoja uling'aa vivyo hivyo.

Na Pwani yetu imo. Setilaiti Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilipima eksirei za Cygnus X-1, ndipo wanasayansi wakaanza kushuku kuna shimo jeusi huko.

Siku hizi programu ya Blender haikugharimu ndururu. Jaribu kulichora hilo la Cygnus.